Miguu Isiyosikia Moto

Wajukuu zangu, na ninyi mliovaa makoti meupe juzi juzi mkaanza kutembea wodini kwa maringo, kila mkija kunisalimia mnaniuliza habari ya sindano. Tuliichemshaje? Ni kweli sindano moja ilichoma mtaa mzima? Ni kweli. Tuliichemsha, tukainoa kwenye jiwe laini, na ikipinda tukainyoosha. Lakini mgonjwa wa sukari sikufundishwa kumwanzia kwenye sindano. Nilifundishwa kumwanzia kwenye viatu.

Aliyenifundisha ni Dresa Kalinga, Mhehe wa Kilolo, mtu mfupi, mkavu, asiyecheka mpaka awe na sababu. Mimi nilikuwa kijana wa Mlandege pale Iringa, mtoto wa fundi cherehani. Babu yangu alikuja na misafara kutoka pwani, akaoa, akaizoea baridi. Miaka ile ya hamsini dresa alikuwa mtu mkubwa. Anafunga vidonda, anachoma sindano, anapima mkojo, na mtaani wakimwita daktari hakatai. Kalinga alikuwa anakataa. Alisema daktari yupo ofisini, yeye ni mfunga vidonda, na mfunga vidonda hodari ni yule anayejitafutia ukosefu wa kazi.

Siku moja alikuja mfanyabiashara wa nguo wa hapo mtaani kwetu, mtu msafi, kanzu imenyooka, anasikika kwa marashi kabla hujamwona. Sukari alikuwa nayo miaka. Nikamuuliza hali, akasema Alhamdulillahi, ila leo ana hasira kwa sababu ufunguo wa kabati umepotea dukani na mkewe anadai hajauona. Tukaongea ya ufunguo weee. Kalinga, akiwa mwisho wa chumba anakunja bandeji, akasema neno moja tu: viatu. Tajiri akanuna. Kumvua mtu wa heshima viatu mbele ya watu halikuwa jambo dogo. Basi akavua, na ndani ya kiatu cha kushoto ulikuwemo ufunguo. Alikuwa ameukanyaga tangu asubuhi. Umezama kwenye wayo mpaka soksi imelowa damu, na yeye anazunguka dukani akimgombeza mama wa watu.

Mwenzenu nilicheka. Tajiri naye alifurahi, akauchukua ule ufunguo na kuufuta. Kalinga hakucheka. Alimwambia, "Tajiri, umeuona ufunguo wako. Mimi naogopa kwamba hukuusikia."

Ugonjwa wa sukari, wanangu, ndivyo ulivyo. Laiti ungeuma. Mtu akiumwa jino anaamka na alfajiri kumtafuta wa kumng'oa, lakini sukari iliyozidi kwenye damu inafanya kazi yake kimya kimya, mwaka baada ya mwaka. Inaharibu neva za miguu mpaka zinakufa ganzi, inabana mishipa ya damu mpaka kidonda kidogo kinakosa cha kukiponya. Inakwenda kwenye figo, inakwenda kwenye moyo, inakwenda nyuma ya macho mahali ambapo mwenye macho mwenyewe hapaoni. Na muda wote huo mtu anakula, anacheka, anakwambia yuko vizuri.

Kupima kwenyewe kulikuwa kazi. Mnachukua matone ya mkojo, mnatia kwenye dawa ya buluu ndani ya kichupa chembamba cha kioo, mnachemsha juu ya taa ya spiriti. Ikibaki buluu, mshukuru Mungu. Ikienda kijani, mchunge mtu wako. Njano, muulize amekula nini. Ikifika rangi ya tofali, muite daktari. Na mdomo wa kile kichupa usiuelekeze kwako, maana mkojo ukichemka vibaya unaruka. Wangu uliruka siku niliyovaa shati jipya la kwendea harusini, na harusini nilikwenda hivyo hivyo, nikakaa karibu na dirisha.

Wagonjwa nao walikuwa wajanja. Wakijua kesho ni siku ya kupimwa, leo chai wanakunywa kavu, wali hawaugusi, na mkojo unatoka buluu safi. Mama mmoja alileta mkojo wa jirani yake. Nilipomuuliza akaniambia bila kupepesa macho kwamba wa jirani ni mzuri zaidi. Leo mna kipimo cha damu kinachosema habari za miezi mitatu nyuma, huyo mama asingekiweza. Lakini hata leo kipimo hakimvui mtu viatu, na wapo kati yenu niliowaona wakiandika kwamba miguu haina tatizo ilhali mgonjwa amevaa buti.

Nikahamishwa Mbeya. Kalinga alinisindikiza mpaka kwenye lori na hakuniachia zawadi yoyote isipokuwa wasia ule ule wa viatu.

Mbeya ya mwezi wa sita na wa saba msiitanie. Asubuhi majani yana barafu nyeupe, na ndani ya nyumba za wazee moto hauzimwi. Hapo ndipo nilipomfahamu Mzee Ambakisye, Mnyakyusa aliyewahi kuwa nyapara kwenye mashamba ya chai, mrefu, mwenye sauti ya kuamrisha hata akiomba maji. Alikuwa amefiwa na mkewe. Mwanawe wa pekee alikuwa kusini, kwenye migodi, na nyumbani kwake upande wa barabara ya Tukuyu aliyebaki ni mkamwana wake, Sekela, mwenye nyumba yake ndogo ng'ambo ya migomba. Mzee aliletwa hospitali na dada yake, bibi mkongwe aliyekuwa ameolewa bonde la pili, kwa sababu sisimizi walikuwa wanajaa kila alipokojoa. Tulipopima, ikaja rangi ya tofali.

Daktari akamwanzishia masharti: chai bila sukari, pombe ya ulezi aiache, ndizi apimiwe. Nikamvua viatu. Nilipomgusa unyayo kwa pamba akiwa amefumba macho, hakujua nimegusa wapi. Nikambonyeza kwa ukucha, hakujua. Nikamwambia basi, mzee wangu, kuanzia leo miguu yako itazamwe kila siku, chini, kisigino na kati ya vidole, maana yenyewe haitakwambia kitu. Akauliza atazame nani, yeye mgongo haukunjiki. Nikasema anayekupikia ndiye akutazame.

Dada yake akatazama ukutani, na mzee akanitazama mimi vile nyapara anavyomtazama kibarua aliyetukana. Yule bibi akanivuta nje, akanieleza taratibu kama anamweleza mtoto. Kwa Wanyakyusa wa siku zile mkamwana na baba mkwe hawaonani. Akimsikia anakuja njiani, anaingia migombani. Hamtazami usoni, hasemi mbele yake, jina lake halitamki. Sekela alikuwa anapika, anaweka chakula mlangoni na kuondoka kabla mzee hajatoka. Na mimi nimemwambia mzee wa watu akamnyooshee huyo mguu.

Nikauliza basi nani atamtazama. Bibi mwenyewe alikuwa mbali na macho yake yana mtoto wa jicho. Akanijibu kwamba neno hilo ni dogo, marafiki wa rika lake wapo. Mnajua, Wanyakyusa walikuwa na desturi ya watu wa rika moja kujenga kijiji kimoja, wakazeeka pamoja. Kwa hiyo majirani wote wa Mzee Ambakisye walikuwa wazee kama yeye, na kazi ya kutazama miguu waliipokea kwa heshima zote. Nilipita siku moja nikawakuta wanaifanya. Mmoja ameushika mguu ameusogeza mbali kabisa na uso, kama mtu asomaye herufi ndogo, mwingine anamwambia ageuze upande, wa tatu anasimulia walivyovuka mto na miguu hiyo ujanani. Hukumu yao ilikuwa kwamba mguu ni mzuri, mguu wa mwanamume. Kati yao wote sidhani kama yangepatikana macho mawili mazima.

Nikawafundisha niliyoweza. Maji ya kunawa yapimwe kwa kiwiko, si kwa mguu. Kati ya vidole pakaushwe. Katambuga zikung'utwe kabla ya kuvaliwa. Funza asichokonolewe kwa mwiba, na sugu isikatwe kwa wembe, aletwe kwangu. Na moto, nikasema, moto akae nao mbali. Hili la moto walilisikia wakaitikia, na sikujua kwamba nimewaambia jambo lisilowezekana. Kwao, mzee ndiye anayekaa karibu na figa. Kumsogeza mzee mbali na moto wakati wa baridi ni kumwambia mmemchoka. Mgonjwa ndio kabisa, huyo anasogezwa zaidi, tena kwa mikono miwili. Kila mmoja wa rafiki zake alimpisha akae mbele, na kila mmoja aliposhika ule mguu baridi aliusukuma moto kidogo uelekee kwake. Walimpenda, ndivyo ilivyokuwa.

Asubuhi moja, katikati ya baridi ile, nilikuta mwanamke kijana amesimama nje ya chumba cha vidonda. Alikuwa amekuja kwa miguu kutoka upande wa Tukuyu, kanga imelowa umande mpaka magotini. Nikamkaribisha, nikamuuliza anaumwa nini.

"Mimi siumwi, dresa," akasema. "Kule kwetu kuna mtu mguu yake imeungua na mwenyewe hajui."

Nikamuuliza ni nani. Akatazama chini.

"Ni yule mimi sitaji jina lake."

Nikaelewa kwamba ndiye Sekela. Nikauliza tena, kwa upole, maana nilishafundishwa: amejuaje, na haruhusiwi kumwona? Akaniambia kwamba mzee akitoka kwenda kuota jua, yeye huingia kufagia. Kwenye jiwe la pembeni mwa moto alikuta ngozi imeganda, ngozi ya binadamu, ya kisigino. Kwenye mkeka, mahali miguu inapolala, pamelowa na pananuka. Alimtumia habari dada wa mzee, naye akauliza, na mzee akajibu kwamba hasikii maumivu popote. Marafiki wakashuhudia kwamba wanamtazama kila siku. Nani atamsadiki mtu ambaye kazi yake ni kutokuangalia?

"Yeye simwoni," akasema Sekela. "Lakini naona pale alipokaa."

Nimefanya kazi hii mpaka nywele zikaisha, na bado sijasikia mtu akieleza uuguzi vizuri kuliko hivyo. Daktari alinipa gari. Tulimkuta mzee amekaa na wenzake, anacheka, na kisigino cha mguu wa kulia kimeiva mpaka ndani, vidole viwili vya mwisho vimeanza kuwa vyeusi. Nilipowaonyesha wale wazee kwa karibu, mmoja alikaa chini akajifunika uso. Mzee Ambakisye mwenyewe alikuwa wa mwisho kuamini. Aliniambia nisimtishe, mguu ukiwa mbovu mwenyewe si angejua.

Wodini daktari alimweleza bila kuficha. Weusi ule ukipanda kupita kifundo cha mguu, tutakata chini ya goti, maana tusipokata tutamzika. Ukikoma, tutatoa vidole tu. Tukangoja. Alichomwa insulini, akachomwa penisilini, na kila asubuhi nilifungua bandeji kutazama weusi umefika wapi. Naosha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, nakata nyama iliyokufa mpaka nione damu, nafunga, na ninakumbuka kwamba ninakata mtu aliye macho, anayeniuliza habari za mvua, wala hashtuki. Hilo lilinisikitisha kuliko kilio cha mgonjwa yeyote. Dada yake alikuja na chakula. Sekela aliyekipika alibaki nje, nyuma ya ukuta wa kufulia, na nikipita ananitazama tu usoni.

Weusi ukakoma. Vidole viwili vilikatwa, mguu ukabaki. Nilikwenda mwenyewe mpaka nyuma ya ule ukuta kumwambia, naye akapiga magoti pale kwenye maji ya sabuni akasema ndaga, ndaga, yaani asante, mpaka nikamwinua.

Lakini palikuwa na jingine. Kwa muda mrefu mzee alikuwa analalamika kwamba moshi unamharibia macho. Nani angebisha? Nyumba zile zote zilikuwa na moshi, na wazee wote walilia machozi. Akiwa wodini, daktari alimwingiza kwenye chumba chenye giza akamulika ndani ya macho kwa taa yake ndogo, akakaa humo muda mrefu. Alipotoka alituambia haukuwa moshi. Ilikuwa sukari ile ile, imepasua vijishipa vya nyuma ya macho, damu imevuja, na kilichokufa hakirudi. Kabla ya kutoka hospitali mzee alikuwa anatambua mchana na usiku, na kivuli cha mtu akisimama mlangoni. Zaidi ya hapo hakuna.

Basi likarudi lile swali langu la kwanza. Anarudi nyumbani, haoni, miguu haisikii, na atamtazama nani? Wenzake walikuja wakakaa barazani pa wodi pamoja na dada yake, wakajadiliana. Hakuna aliyemtakia mabaya. Mmoja alisema kwa uchungu kwamba mguu ni wa Ambakisye, lakini adabu ni ya watu wote, na ikivunjwa leo nyumba moja kesho itavunjwa zote. Mwingine akataka aletwe mke mpya. Mzee aliwasikiliza mpaka wakachoka.

Kisha akasema, "Mlinikalisha kwenye moto kwa heshima, nami nikaungua kwa heshima. Siwalaumu. Ila yule mtoto amenificha uso miaka yote kwa kuniheshimu. Imetosha. Sasa namwomba anitazame."

Akaagiza mtamba mmoja apelekwe kwa wazazi wa Sekela, ili kila mtu ajue kwamba ni yeye mzee aliyeomba, si binti aliyekosa adabu. Yule aliyepinga sana ndiye aliyempeleka.

Siku ya kumrudisha nyumbani nilikwenda naye, nimfundishe Sekela kazi. Mzee alikaa kwenye kiti chake, mbali na moto, amevaa koti. Dada yake akamwita mkamwana. Sekela akaingia na beseni la maji, na aliingia kinyumenyume, mgongo mbele, kwa mazoea, mpaka bibi akamshika bega. Halafu akageuka.

Mzee alikuwa ameelekeza uso kwenye sauti ya hatua zake, ameyakaza yale macho.

"Dresa, amegeuka?"

Nikasema amegeuka.

"Tangu aolewe namjua kwa mgongo," akasema. "Wewe unaona. Niambie, mwanangu ana sura gani?"

Nikamtazama Sekela, machozi yanamtiririka wala hayafuti. Kabla sijajibu, yeye akaweka beseni chini, akazamisha kiwiko, akangoja kidogo kuyasikia yale maji. Neno la kwanza alilowahi kumwambia baba mkwe wake, akimwita baba kwa lugha yao, lilikuwa hili.

"Tata, lete mguu."

Mzee akaunyoosha. Mguu ule aliutumia mpaka mwisho wa maisha yake, wala hakupata kidonda kingine, kwa kuwa palikuwa na mtu wa kuutazama. Sura ya Sekela hakuiona kamwe. Kwa hiyo, wanangu, wavueni wazee wenu viatu leo hii, lakini msiishie hapo. Wapelekeni wakamulikwe macho wakati bado wanawaona.